Aliyefungua Ndiye Afungaye

Jumatatu, 3 Machi

Masikio, mdogo wangu,

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu ya hapa nyumbani ina wasikilizaji wengi mno. Nikiongea sebuleni, Mama ananyanyua ile ya chumbani kwake, anatulia tuli kama aliye kazini, na habari zote anazipata kabla yangu. Nikimwambia, "Mama, tunaongea," anajibu, "Endeleeni, mimi sipo." Kwa hiyo haya ya leo nayaandika.

Mtayarishaji wa filamu amenipigia, yule ninayemwita Bwana Tiketi kwa sababu kila sentensi yake inaishia kwenye tiketi. Anasema riwaya yangu ni nzuri, watu wameisoma shuleni, lakini Fundi asife. Mtu hawezi kulipia tiketi kisha arudi nyumbani na maiti. Anataka chombo cha uokoaji kitokee gizani dakika ya mwisho, Fundi avutwe kwa kamba, amkumbatie mkewe, muziki upande. Nilimwambia Fundi amekufa tangu ukurasa wa kwanza, msomaji ndiye ambaye hajaambiwa. Akacheka, akadhani namtania.

Wewe ndiye unayerekodi sauti za filamu hiyo, kwa hiyo nakuomba unilindie. Sehemu yenyewe unaijua. Kituo kiko kwenye mwezi wa mbali, watu elfu moja wamelazwa kwenye vyumba vya barafu, hewa inavuja, na Fundi anaingia Lango la Nane ili alifunge akiwa ndani. Mama wa Redio anamwita arudi. Naye anasema, "Fungeni. Hewa yangu inanitosha." Hana hewa hata ya kumaliza sentensi. Mkataba umenipa haki moja tu ya maana: maneno hayo hayabadilishwi bila sahihi yangu.

Yule ni Baba. Hatujawahi kulitamka, lakini hata wewe uliyekuwa na miaka sita unajua. Mafuriko yalipokuja alishuka kwenye shimo la lango la bwawa, akalifungua kwa mikono, mji wote wa chini ukapona, yeye hakupanda tena. Jiwe la kumbukumbu pale bwawani limeandikwa kwamba alichagua. Mimi nilichofanya ni kumpeleka mwezini. Wakimwokoa yule wa filamu, watakuwa wamesema wa kwetu alikufa kwa kukosa subira ya kungoja kamba.

Mama anakuja kwako Jumapili ya tarehe 16 kwa ajili ya jicho la kulia. Mwekee taa karibu na kitanda. Na ukimpigia simu kutoka kazini, kumbuka kukata wewe. Hajabadilika: ukimwambia kwaheri anasema haya, kisha anabaki ameishika, anapumua, mpaka usikie vibaya. Juzi jirani alisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake, Mama akakaa naye mpaka maharage yakaungua.

Dada yako

*

Ijumaa, 14 Machi

Dada,

Barua yako nimeisomea ndani ya chumba cha kurekodia, maana ndipo mahali pekee hapa mjini pasipo na kelele. Kuta zimevishwa zulia mpaka juu. Ukinyamaza unasikia damu yako mwenyewe.

Usimtukane sana Bwana Tiketi. Anatulipa kwa wakati, na hilo kwenye filamu ni muujiza mkubwa kuliko kwenda mwezini. Tena hoja yake si ya kijinga yote. Kwenye kitabu shujaa akifa, msomaji anarudi sura ya pili anamkuta mzima, anakunywa chai, anamtania mkewe. Ukumbini taa zikiwaka, basi. Huwezi kumwomba wa mashine airudishe pale alipokuwa hai. Ndiyo maana filamu zinawaokoa watu ambao vitabu viliwaua. Ni woga tu, na woga huo naujua.

Mwongozaji yuko upande wako. Ni binti mdogo, amesoma riwaya yako mara tatu na kila mara analia pale pale langoni. Kila wiki wanagombana na Bwana Tiketi, kila wiki tunapata mwisho mpya. Mmoja ulikuwa na mbwa.

Mimi nina shida yangu ya kazi. Mwigizaji wa kuwa Mama wa Redio atafika mwezi ujao, na mwigizaji wa Fundi hawezi kuongea na ukuta. Huwa tunatafuta mtu yeyote asome sehemu ya pili kwa muda, sauti ya kuongozea tu, ambayo baadaye inafutwa na kuwekwa ile halisi. Nitapata mtu.

Umesema nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka buti zake mlangoni na harufu ya grisi. Sauti yake siikumbuki, Dada. Nimefanya kazi ya kunasa sauti maisha yangu yote, na ile moja sina. Hakuna aliyeirekodi. Wakati mwingine nakaa humu nimevaa spika za masikioni, sichezeshi chochote, nasikiliza tu.

Masikio

*

Alhamisi, 20 Machi

Masikio,

Kwa hiyo, kama ulivyoniambia kwa simu, Mama amefika salama, na mbwa ameondolewa. Mungu ni mwema.

Umenigusa pale uliposema woga. Ngoja nikwambie kwa nini shujaa wangu lazima afe, na kwa nini lazima achague. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku ya kuzindua lile jiwe mkubwa wa kazi alisimama akasema Baba aliambiwa arudi akakataa, akasema mji kwanza. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi. Nikiwa napiga nikawaza: kumbe alikuwa na nafasi ya kurudi. Alitupima mimi, wewe na Mama kwenye mkono mmoja, na watu asiowajua kwenye mwingine, akaona sisi wepesi.

Nimemkasirikia kwa hilo tangu siku ile. Nilimwandika ili nimwelewe. Nilimpa mwezi mzima, nikampa maneno mazuri, nikamvisha ushujaa mpaka ukaning'inia. Sasa watoto wa shule wananisimamisha njiani wananikariria, "Hewa yangu inanitosha," na mimi natabasamu. Lakini afadhali baba aliyetuacha kwa kuchagua kuliko baba aliyekufa bure. Mwenye kuchagua angalau unaweza kumlaumu.

Mama kitabu hakukimaliza. Nilipomuuliza alisema macho. Wakati ule macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Hakikisha anaweka dawa ya matone, anapenda kusema ameshaweka.

Dada yako

*

Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Jicho limefanyiwa upasuaji, limefungwa bandeji, daktari ameridhika. Matone naweka mimi mwenyewe, kwa nguvu.

Mama alichoka kukaa nyumbani, nikamchukua kazini. Mwongozaji aliposikia kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye redio ya mawasiliano ya bwawa, akamwomba asome sehemu ya Mama wa Redio kwa muda, ile sauti ya kuongozea niliyokwambia. Alisoma. Ilikwenda vizuri.

Nina maswali mawili. La kwanza: Mama aliwahi kukwambia nini hasa kuhusu siku ile? La pili, usikasirike. Ungekubali mabadiliko madogo? Fundi asiokolewe, hapana. Ila tumwone anapanda ngazi. Amekwisha kulifunga lango na anajaribu kutoka. Ile sentensi yako iondoke.

Nijibu ukitulia.

Masikio

*

Jumatano, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimetulia. Sijibu kwa hasira, najibu kwa mshangao, ambao ni mbaya zaidi.

Nilikuweka mlinzi, kumbe nimemkabidhi fisi bucha. Kwanza kamba, sasa ngazi. Kesho utaniambia ngazi ina mwisho, na mwishoni kuna mlango, na mlangoni yupo mbwa. Huku ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hukupata kumfanyia hivyo dada yako.

Mtu anayepanda ngazi ni mtu aliyeshindwa kukimbia. Huyo si shujaa, huyo ni mhanga wa ajali, na hao wamejaa magazetini. Na Mama unamtia katika haya kwa nini? Kuhusu siku ile hajaniambia kitu. Mimi sikuuliza, na wewe usimuulize. Ana jicho bichi na miaka sabini na miwili.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Basi mimi nipo kwa niaba yake. Sitatia sahihi.

Dada yako

*

Alhamisi, 17 Aprili

Dada,

Nilitaka kukuficha, na barua yako imenionyesha kwamba kuficha kutatugombanisha. Naeleza kama lilivyokuwa.

Mama alikaa upande mmoja wa kioo, jicho moja limefungwa, karatasi tumempigia chapa kwa herufi kubwa. Upande wa pili mwigizaji wetu, kijana mkubwa wa mwili, mpole, mwenye aibu. Mama alipovaa spika za masikioni alikaa wima. Mgongo ule sijauona tangu utotoni. Alisoma, "Lango la Nane, hapa Kituo, rudi."

Kijana alipaswa kujibu, "Fungeni. Hewa yangu inanitosha." Lakini karatasi zake zilikuwa zimeanguka asubuhi, akaziokota ovyo, na aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya mwanzo wa filamu. Ni ile sura yako ya pili, siku ya kawaida, Fundi anamaliza zamu. Akasoma alichokiona: "Kituo, limeachia. Nakuja."

Ulimpa Fundi maneno hayo kwa sababu Baba aliyasema kila jioni, lango lililokwama likikubali kusogea, na sisi tuliyasikia tukiwa tumekaa chini ya meza ya redio ya Mama baada ya shule. Mimi nilikuwa nimesahau.

Mama aliweka karatasi chini. Akasema, "Nakupata. Uko wapi kwenye ngazi?" Kijana alidhani ni majaribio ya mwongozaji, akajibu kutoka kichwani, "Katikati." Mama akasema, "Usiongee, utachoka. Panda. Maji yako ya kuoga nimeshasema yawekwe." Kijana akainama kutafuta karatasi yake. Mama akaendelea. "Lango la Nane, nakupata, endelea. Lango la Nane, nakupata, endelea." Hakuna aliyekuwa anaongea, Dada. Hakuwa anampata mtu. Alisema hivyo tena na tena, kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka, mpaka mwongozaji akatoka nje.

Sikuzima mashine. Sijui nisingizie mkono au nini.

Nilipoingia aliniuliza, "Mbona hafungi?" Nikamwambia Mama, karatasi zilichanganyika. Akasema anajua, yeye si mwendawazimu. Kisha akanieleza. Baba hakukataa kurudi. Alilifungua lango, akamwita kwenye redio akasema, "Limeachia, nakuja, niwekee maji ya kuoga, nimelowa chapachapa." Alikuwa anacheka. Mama alimsikia anapanda, buti zikigonga vyuma, halafu maji yakaingia kwenye shimo kwa juu, na redio ikabaki na mvumo tu. Yale ya mji kwanza mkubwa wa kazi aliyatunga kwa ajili ya hotuba.

Nilimuuliza alikaa redioni muda gani. Akasema, "Kanuni ni kwamba aliyefungua mazungumzo ndiye anayeyafunga. Yeye ndiye aliyeita." Walimwondoa kitini kesho yake.

Sasa unajua kwa nini hakati simu. Sisi tumecheka miaka yote hii.

Nakutumia mkanda. Usiusikilize ukiwa peke yako, ingawa najua utausikiliza ukiwa peke yako.

Masikio

*

Jumanne, 6 Mei

Masikio,

Nisamehe ukimya. Mkanda ulifika kabla ya Mama kurudi. Niliusikiliza ukaisha, nikaurudisha mwanzo, na kwa siku kadhaa sikufanya kazi nyingine. Wanafunzi wangu waliambiwa mwalimu anaumwa.

Usiku sikulala vizuri. Nikifumba macho nasikia buti zinapanda, na hazifiki. Kwenye mkanda buti hazimo, nimezitia mwenyewe, ndiyo kazi yangu kutia visivyokuwepo. Nimemkasirikia kwa miaka zaidi ya thelathini mtu aliyekuwa njiani kurudi nyumbani. Niliandika kurasa mia tatu kumpongeza kwa kutuacha, nikazigawa kwa watoto wa watu, wakazikariri, na muda wote huo mtu mmoja aliyejua alikuwa chumba cha pili anachambua mchele.

Mama aliporudi nilimwandalia chai nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kwa hilo jicho jipya.

"Ulikuwa umeshampata baba wa kukutosha," akasema. "Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unatembea kifua mbele. Ningekwambia nini? Kwamba alikufa akiwaza maji ya moto?"

"Ndiyo, Mama. Hilo hilo."

"Basi sasa umejua."

"Na kitabu?"

"Nilifika pale langoni nikakifunga. Yule mtu wako anaongea vizuri sana. Baba yenu hakuwa na maneno mengi hivyo." Akanywa chai. "Lakini sura ya pili ni yeye. Ile nimeisoma mara nyingi."

Nililia mbele yake, na yeye akanisogezea sukari.

Nimetia sahihi, karatasi iko humu ndani ya bahasha. Sentensi yangu iondoke. Mwandikie Bwana Tiketi kwamba Fundi hachagui kufa na haokolewi. Anarudi nyumbani, na hafiki. Sijui kama hiyo ni tanzia ya kitabu au ya filamu. Najua ndiyo ya kwetu.

Jambo moja ameliomba Mama, nami naliunga mkono. Sauti yake msiifute. Mwambie huyo mwigizaji wenu wa Mama wa Redio anisamehe.

Dada yako

*

Jumapili, 15 Juni

Dada,

Mwigizaji wa Mama wa Redio alisikiliza mkanda, akavua spika, akasema hawezi kuigiza juu ya hiyo, tumlipe nusu aende. Tumempa yote.

Mwisho sasa uko hivi. Fundi anasema limeachia, nakuja. Tunaona mikono yake kwenye ngazi. Kisha picha inazima, giza tupu, na Mama anabaki anaita. Hakuna muziki. Bwana Tiketi alipinga kwamba watu watadhani mashine imeharibika. Na kweli, tulipoijaribu kwa watazamaji wachache, fundi wa ukumbi alikuja mbio na tochi. Lakini hakuna aliyenyanyuka kitini. Sauti ya Mama iliisha, taa zikawaka, na watu wakaendelea kukaa wakilitazama lile pazia jeupe. Bwana Tiketi mwenyewe alikaa. Baadaye nilimkuta nje ya ukumbi anampigia simu mwanawe aliyekosana naye, anamuuliza amekula.

Kuna jambo linanisumbua, nakwambia wewe tu. Kwenye kimya kinachofuata baada ya Mama kusema "endelea" mara ya mwisho, nimesafisha sauti mpaka basi, na bado kuna kitu. Kidogo sana. Inaweza kuwa kijana alisogeza kiti. Chombo changu kinaniambia ni kiti. Sikukifuta.

Kadi za mwaliko nimetuma mbili.

Masikio

*

Imeandikwa nyuma ya kadi ya mwaliko, kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 14 Julai

Wanangu wawili,

Naandika mwenyewe kwa sababu sasa naona. Dada anadhani nimelala.

Filamu nimeiona. Mahali pale mwezini ni pachafu, hakuna mtu anayefagia. Kijana ameigiza vizuri ila ngazi anaipanda kama mtu wa mjini. Sauti yangu sikuijua. Nilidhani ni mama mwingine, nikamwonea huruma.

Watu walinishika mikono pale nje wakisema pole, mumeo alikuwa shujaa. Zamani nilipoambiwa hivyo nilikuwa nasema asante na nakaa kimya, maana ningesema alikuwa anakuja wangeona nampunguza. Juzi nilisema, "Alikuwa anakuja." Nililisema kwa kila aliyenishika mkono. Hakuna aliyeona nimempunguza.

Masikio, umeniuliza kwenye simu jana kama sasa nitaweza kufunga. Ulikuwa na nia njema. Lakini mwanangu, mimi siye niliyeita. Sasa nyinyi mnasikiliza pamoja nami, na hiyo imenipunguzia kazi, inatosha.

Nawaomba moja. Siku mtakayonikuta nimenyamaza na mkono wa simu uko sikioni, msiikate. Kaeni kwanza. Mpeni muda, ngazi ile ni ndefu.

Mama yenu